Kiti cha pikipiki kikikwama, usivute: ukikalie kwanza



Wengi wenu mulikuwa pale siku ya posho, wakati mugeni alifika na pikipiki kubwa ya safari. Hata leo wengine wanauliza Baba Fundi alifanya nini. Wengine wanasema ilikuwa bahati. Haikuwa bahati. Nimemuuliza mwenyewe, naye amenieleza, na sasa ninaandika kusudi kila mutu ajue.

Mambo yalikuwa hivi. Mugeni ana ugonjwa wa pumu. Alikuwa amepita mu vumbi muchana kutwa, na kifua kilianza kumubana. Pompe yake ya dawa ilikuwa chini ya kiti, pamoja na vyombo vya kazi na makaratasi ya njia. Akaingiza ufunguo, akazungusha: kiti hakikufunguka. Akavuta. Tukamusaidia kuvuta, watu wanne. Kiti kikakataa kabisa. Mwenzetu mumoja akakimbia kuleta chuma cha kuvunjia mawe, ili tukipindue kwa nguvu.

Pale ndipo Baba Fundi alifika. Akasema: «Hapana, watoto! Muache kuvuta. Ninyi wawili, mupande, mukae nyuma kabisa.» Tulicheka. Tunataka kufungula kiti, yeye anatuma watu wakikalie! Lakini wale wawili walipokaa, yeye akazungusha ufunguo polepole, tukasikia: tak! Wakashuka, na kiti kikainuka kwa mukono mumoja. Mugeni akapata dawa yake.

Sasa, ni kwa nini?

Chini ya kiti kuna kipete cha chuma. Ukifunga kiti, kipete kinaingia mu ndoano ya chuma iliyo kwenye mwili wa pikipiki, na resori inashika ndoano isirudi. Ukizungusha ufunguo, kitasa kinavuta kable, kable inavuta ndoano, na kipete kinaachiliwa. Ile kable ni sawa na ya freni ya baiskeli: waya unaotembea ndani ya ganda. Mutu aliyepata hati ya uvumbuzi wa kable ya namna hii, kule Uingereza mwaka wa 1896, ni Ernest Monnington Bowden.

Basi, chini ya kiti kuna tena vipande vya mupira vinavyokisukuma juu kidogo, kusudi kisigonge-gonge mu njia. Kama umejaza vitu vingi ndani, navyo vinasukuma. Kwa hiyo kipete kinakaza ndoano kwa nguvu. Hapa mukumbuke somo la fizike: nguvu ya kusugua inaongezeka pamoja na nguvu ya kukandamiza. Tuseme kipete kinakaza ndoano kwa niutoni 200, na kipimo cha kusugua ni 0,5 juu ya matope na kutu. Kable inapaswa kushinda 200 × 0,5, ni kusema niutoni 100, tena na resori juu yake. Sisi tulipovuta kiti, tuliongeza ile 200. Tulikuwa tunajifungia wenyewe! Wale wawili walipokaa, kipete kilishuka, ndoano ikapumua, na kable ikafanya kazi yake bila shida.

Tulipoangalia ndani tuliona sababu zote mbili: koti ya mvua iliyokunjwa vibaya ilikuwa inasukuma kiti, na ndoano ilikuwa imejaa udongo mwekundu uliokauka.

Baba Fundi anasema kwamba mukono na sikio vinatosha kujua ugonjwa uko fasi gani. Kuna alama nne:

1. Ufunguo hauingii vizuri, ao hauzunguki hata kidogo. Ugonjwa uko mu kitasa. Toa vumbi kwa kupuliza. Sugua ufunguo kwa ncha ya kalamu ya risasi, kiisha uingize na kuutoa mara nyingi. Ule unga mweusi unalainisha. Hapana kuweka grisi mule, kwa sababu inakamata vumbi. Tena usizungushe ufunguo kwa pensi. Ufunguo ukikatika ndani, utakuwa na shida mbili pahali pa moja.

2. Ufunguo unazunguka kidogo, kiisha unakuwa muzito na kusimama. Ndoano imekazwa. Mutu mumoja akandamize kiti pale ndoano iko, mwingine azungushe. Hii ndiyo ilikuwa shida ya mugeni wetu.

3. Ufunguo unazunguka wepesi, kama hauvute kitu. Kable imekatika ao imetoka fasi yake. Hapo kukalia kiti hakutasaidia. Fungula visi za kifuniko cha pembeni ao cha nyuma, tafuta mwisho wa kable karibu na ndoano, na uvute kwa pensi polepole, mwenzako akiendelea kukandamiza kiti.

4. Unasikia tak, lakini kiti hakiinuki. Ndoano imefunguka, kiti ndicho kimekamatwa na mupira, matope, ao kamba ya muzigo. Tikisa kiti kushoto na kuume, kiisha inua.

Masanduku ya pembeni na ya nyuma yanafuata sheria ile ile. Kama yamejaa sana, kandamiza kifuniko kwanza, halafu zungusha ufunguo.

Ile chuma ya kuvunjia mawe, je? Hapa kuna hatari ya kweli. Hatujui ni nini iko chini ya kiti. Mara nyingi ni batri na nyaya za umeme. Kwa pikipiki zingine ni tangi yenyewe: ile Honda Gold Wing ya kwanza, iliyoonyeshwa mwaka wa 1974 kule Cologne, Ujerumani, ilikuwa na tangi la esanse chini ya kiti. Pikipiki ya mugeni haikuwa ya aina hiyo, lakini sisi tulijua? Hapana. Tungeweza kuunganisha ncha za batri kwa chuma, cheche ikatoka, na mugeni wetu mwenye pumu amesimama pale mu moshi. Kwa ajili hiyo pia, mutu asioshe ndoano kwa esanse. Tumia petroli ya taa kidogo na burashi, mbali na moto, panguza kwa kitambaa, kiisha paka grisi nyembamba.

Kiti kikishafunguka, kazi haijaisha. Usikifunge mara moja kwa furaha! Acha kiti wazi, sukuma ndoano kwa turunevisi mpaka ijifunge, kiisha zungusha ufunguo uone kama inaachilia. Fanya hivyo mara tano. Ikikataa hata mara moja, bado hujapona. Baba Fundi alifunga tena waya mwembamba kwenye ndoano, akauelekeza chini ya kizuia-matope, mahali ambapo ni mwenye pikipiki peke yake anajua. Kable ikikatika mu pori, atavuta waya ule.

Mwisho, Baba Fundi alimuambia mugeni neno moja kwa heshima: «Baba, vyombo vinaweza kulala chini ya kiti. Dawa ya pumzi ilale mu mufuko wa shati.» Mugeni aliitika. Siku ya yenga, alipoondoka, tuliona pompe yake mu mufuko, inaonekana kichwa.

Sisi pia tujifunze. Kitu kikikwama, tunapenda kwanza kuongeza nguvu. Lakini afadhali kuuliza: ni nini inakikaza? Tukipunguza ile, pengine ufunguo tulio nao mukononi unatosha.

Mwanafunzi mumoja wa mwaka wa tano, hesabu na fizike