Nyuki wa Kibarani: Mali Iliyo Juu ya Miti

Mtu atokaye mjini Kilifi akashika njia ya kwenda Kibarani huona kila upande mashamba ya mahindi na mihogo, na juu yake minazi, mikorosho na miembe. Kwenye hori ya Kilifi mikoko imesimama katika matope, na maji ya bahari huifikia mizizi yake kila yanapojaa. Kila mkulima wa sehemu hizo ajua thamani ya nazi, korosho na embe. Lakini miti hiyo ina zao jingine ambalo wengi hawalihesabu. Ndani ya maua yake mna maji matamu, na maji hayo yasipochukuliwa na nyuki hukauka kwa jua na kupotea bure.

Mvua za pwani haziaminiki. Mwaka ambao masika yanachelewa, mahindi hunyauka shambani kabla ya kubeba, na mwenye shamba hutazama huku na huku apate fedha za chakula na za karo. Wengine hushika shoka wakachoma makaa. Makaa huleta fedha mara moja tu, na mti hauko tena. Mzinga ukitunzwa vizuri waweza kuleta fedha mwaka baada ya mwaka, na mti hubaki umesimama. Hii ndiyo sababu ufugaji wa nyuki wastahili kufikiriwa na kila nyumba yenye kipande cha ardhi na miti michache.

DESTURI YA ZAMANI

Asali si kitu kigeni kwa Wamijikenda. Tangu kale wazee walichonga magogo, wakayatoboa ndani, wakayatundika juu ya miti mirefu wakingoja nyuki waingie wenyewe. Mzinga wa gogo una wema wake: hauhitaji fedha nyingi, na ubao wake mnene huwakinga nyuki na joto la mchana. Lakini una kasoro tatu. Kwanza, mrina hana budi kupanda mti usiku, na wapo walioanguka wakavunjika viungo. Pili, ndani ya gogo masega yameshikamana na mbao, hata mrina hawezi kutoa sega la asali bila kuharibu sega la watoto wa nyuki. Tatu, wengi hutumia mwenge wa moto badala ya moshi. Nyuki huungua kwa maelfu, malkia naye hufa, na cheche zikianguka katika majani makavu huteketeza msitu. Mtu wa namna hiyo amekula asali ya mwaka huu pamoja na asali ya mwaka ujao.

Katika nchi za Asia nako mambo hayo yapo. Sundarbans ni msitu mkubwa wa mikoko ulio mpakani mwa India na Bangladesh. Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Aprili, warina asali huingia humo kwa mashua wakijua ya kuwa chui wakubwa wenye milia hukaa msituni, na wengine hawarudi. Nyuki wanaowafuata ni wakubwa, nao hujenga sega moja tu lililo wazi chini ya tawi, wala hawakubali kukaa ndani ya mzinga. Nyuki wa pwani ya Afrika ya Mashariki ni tofauti. Yeye ni mdogo, mwenye rangi ya manjano, na hupenda kujenga mahali penye giza, kama vile ndani ya shimo la mti. Kwa hiyo akipewa sanduku zuri hukaa. Mkulima wa Kibarani ana bahati ambayo mrina wa Sundarbans hanayo.

JAMII YA NYUKI

Katika kila mzinga mna malkia mmoja, madume mamia kadha, na nyuki watenda kazi maelfu kwa maelfu. Malkia kazi yake ni kutaga mayai, na wakati wa maua mengi huweza kutaga zaidi ya elfu moja kwa siku. Mtenda kazi huchukua siku 21 hivi tangu yai mpaka kutoka katika chumba chake cha nta, dume siku 24, na malkia siku 16. Watenda kazi wote ni majike. Wao ndio wanaosafisha mzinga, kulisha watoto, kujenga masega, kulinda mlango, na mwisho wa maisha yao kutoka nje kutafuta maji ya maua na chavua. Wakati wa kazi nyingi mtenda kazi huishi majuma sita tu au karibu na hayo.

Maji ya maua yakiletwa ni mepesi sana. Nyuki huyapokezana mdomo kwa mdomo, huyatia ndani ya vyumba vya masega, kisha huyapepea kwa mabawa mpaka maji yaliyozidi yamekwisha kukauka. Asali ikiiva, nyuki hufunika chumba kwa kifuniko chembamba cha nta. Mfugaji na akikumbuke kifuniko hicho, kwa kuwa ndicho kinachomwambia ya kuwa wakati wa kurina umefika.

MZINGA WA MITI YA JUU

Mwaka 1851 kasisi mmoja wa Marekani, jina lake Lorenzo Langstroth, aligundua ya kuwa nyuki wakiachiwa nafasi ndogo ya kupita, ya milimita 6 mpaka 9 hivi, hawaizibi kwa nta wala gundi. Kwa ujuzi huo alitengeneza mzinga wenye fremu zinazotoka bila kuvunja kitu. Mzinga wake hutumika duniani kote mpaka leo, lakini hutaka seremala hodari na mashine ya kukamulia asali.

Katika miaka ya 1970, wataalamu wa Kenya wakisaidiana na wa Kanada walieneza mzinga mwingine ulio rahisi zaidi, ujulikanao kwa jina la mzinga wa Kenya wa miti ya juu. Ni sanduku refu, pana juu na jembamba chini. Juu yake hupangwa vipande vya ubao, kila kimoja upana wa milimita 32, yaani inchi moja na robo. Kipimo hiki hakifai kubadilishwa, kwa maana ndio upana wa sega moja pamoja na njia ya nyuki kupita. Ubao ukiwa mpana zaidi, masega yatajengwa mshazari na kushikana. Kuta za sanduku zimelazwa ili nyuki wasiunganishe masega nazo. Basi mfugaji huinua ubao mmoja, hutazama sega linaloning'inia, akaamua kulichukua au kulirudisha.

Mzinga huu hutundikwa kwa nyaya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno cha mtu. Hakuna haja ya kupanda mti. Kwa hiyo kazi ambayo zamani ilikuwa ya wanaume peke yao, leo yaweza kufanywa na mwanamke au mzee.

KUCHAGUA MAHALI

Mizinga na iwe mbali na nyumba, shule, njia na mazizi. Wataalamu hupendelea umbali wa mita 300 hivi. Ng'ombe au mbuzi aliyefungwa kwa kamba karibu na mizinga hawezi kukimbia nyuki wakikasirika, na wanyama wengi wamekufa kwa uzembe wa namna hiyo. Mahali penyewe pawe na kivuli na pakingwe na upepo mkali wa kusi. Maji yawe karibu. Kama hayapo, mfugaji huweka karai la maji lenye vijiti vya kuelea, nyuki wapate kutua bila kuzama.

Chakula cha nyuki Kibarani si haba. Mnazi hutoa maua karibu mwaka mzima. Mwembe na mkorosho huchanua baada ya masika. Katika mikoko, mti uitwao mchu una maua madogo yapendwayo sana na nyuki. Tena nyuki hulipa deni. Chavua ya mkorosho ni yenye kunata, haichukuliwi vizuri na upepo, bali huhitaji wadudu kuipeleka ua kwa ua. Mkulima mwenye mizinga karibu na mikorosho yake anasaidia korosho zishike. Lakini akipiga dawa ya wadudu mchana wakati wa maua, atawaua watumishi wake mwenyewe. Dawa ikilazimika, na ipigwe jioni nyuki wakiisha kurudi mzingani.

Ili kuwavuta nyuki, mfugaji hupaka nta iliyoyeyushwa chini ya kila ubao, na wengine husugua majani ya mchaichai ndani ya sanduku. Nyaya hupakwa grisi ili siafu na sisimizi wasipite. Nyasi chini ya mzinga hufyekwa. Masega ya kale yaliyo meusi hutolewa, kwa sababu ndiyo yanayokaribisha nondo wa nta. Nyegere naye ni adui mkubwa, na mzinga uliotundikwa kwa nyaya imara humpa taabu kuufikia. Nyuki wa Afrika huhama upesi wakisumbuliwa au wakiona njaa. Mfugaji asiyetembelea mizinga yake asishangae akikuta sanduku tupu.

KURINA BILA KUANGAMIZA

Wakati ufaao ni jioni, jua likikaribia kuzama. Mrina huvaa nguo nene, viatu virefu vya mpira, mifuko ya mikono na kofia yenye wavu. Chombo kikubwa ni bomba la moshi. Moshi ukipulizwa kidogo kidogo mlangoni, nyuki hudhani moto umekuja, wakashughulika kujijaza asali tayari kukimbia. Tena moshi hufunika harufu ya hatari ambayo nyuki hutoa anapouma. Harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake waje kuuma mahali pale pale. Aliyeumwa na akwangue mwiba upesi kwa ukucha, aondoke polepole na kupuliza moshi juu ya pale alipoumwa. Mtu akivimba uso, akipata vipele mwili mzima au akishindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dawa ya nyumbani.

Mrina huchukua yale masega tu ambayo sehemu kubwa ya vyumba vyake imekwisha kufunikwa. Masega yenye watoto hurudishwa. Masega kadha ya asali huachwa, yawe akiba ya nyuki wakati maua ni machache. Watu husema ya kuwa mchovya asali hachovyi mara moja. Mrina mwenye busara ni yule aachaye, apate kuchovya tena msimu ujao.

ASALI SAFI NA BEI YAKE

Wauzaji wengi hulalamika ya kuwa asali yao hupata bei ndogo. Mara nyingi kosa si la soko. Asali iliyochanganywa na watoto wa nyuki, jivu na masega ya kale ina harufu ya moshi na huchacha. Asali isiyoiva ina maji mengi, nayo vilevile huchacha. Kipimo cha mataifa ni kwamba maji yasizidi sehemu 20 katika 100. Na anayetia sukari au maji kusudi amemwibia mnunuzi, na amewaharibia jina wafugaji wote wa sehemu yake.

Njia njema ni rahisi. Masega hutiwa katika ndoo safi yenye kifuniko, hukatwa vipande, huachwa yachuruzike katika kitambaa safi, kisha asali hutiwa katika chupa kavu. Asali haichemshwi. Masega yaliyobaki huyeyushwa katika maji ya moto na kuchujwa kwa gunia. Yakipoa, nta huganda juu. Nta hutumika kwa mishumaa, dawa za viatu na mafuta ya kujipaka, kwa hiyo kuitupa ni hasara. Jambo moja akina mama walijue: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata kidogo, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru vibaya sana.

Mavazi na bomba la moshi ni ghali kwa mtu mmoja. Chama cha jirani kumi chaweza kununua vifaa vya watu wawili, navyo vikawatosha wote kwa zamu. Maafisa wa mifugo wa Kaunti ndio wa kuulizwa habari za mafunzo.

MFANO WA ARABUKO-SOKOKE

Kaskazini ya Kilifi, kuelekea Malindi, upo msitu wa Arabuko-Sokoke, eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi walioishi kandokando yake walitaka ukatwe, wapate mashamba. Kwao msitu ulikuwa maskani ya ndovu na nyani walioharibu mimea, wala haukuwapa faida. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede. Wakulima walifundishwa kulea viwavi na kuuza pupa ng'ambo, na baadaye asali pia ikawa miongoni mwa bidhaa zinazouzwa. Wakulima walipoanza kupata fedha kutokana na wadudu wa msituni, msitu ulipata watetezi miongoni mwa majirani zake wenyewe. Miti ya mrihi iliyomo humo ni malisho mazuri ya nyuki, na mti uliokatwa hautoi ua.

Funzo hilo lafaa Kibarani vilevile. Mikoko ya hori hukatwa kwa boriti na kuni, na vichaka vilivyosalia mashambani hupungua. Kila mchu unaoanguka ni upungufu wa asali, na kila mzinga unaotundikwa ni sababu moja zaidi ya kuuacha mchu usimame. Wazee walisema, "Fuata nyuki ule asali." Kwa mkulima wa leo, kumfuata nyuki ni kumpa nyumba nzuri, kumwachia akiba yake, na kuitunza miti anayoitegemea.