Ardhi, Jina na Tangazo: Nafasi ya Kiswahili katika Mipango ya Mji wa Isiolo

Wabera ni mojawapo ya wadi kumi za Kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Jina lake ni la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dida, miezi michache kabla ya uhuru na kabla ya vita vya Shifta kupamba moto. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina hilo hilo, na hatua chache kutoka mtaa huo ipo Maktaba ya McMillan, jengo lililofunguliwa mwaka 1931 na kutungiwa sheria yake mahsusi. Majengo hupata sheria kwa urahisi kuliko majina.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi maamuzi kuhusu matumizi ya ardhi, uhifadhi wa mambo ya kale na upambaji wa mji yanavyofikiwa katika mji kama Isiolo, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya yale yanayostahili kuhifadhiwa humo imo ndani ya lugha, hususan Kiswahili. Huenda msomaji akajiuliza mada ya vipimo na ramani imeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Swali hilo ni la haki, na jibu lake litajitokeza tutakapofika kwenye majina ya mitaa.

Nani huamua?

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, upangaji wa miji na matumizi ya ardhi ni kazi ya serikali za kaunti. Sheria inayoongoza kazi hiyo kwa sasa ni Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Yeyote anayetaka kujenga, kubomoa, kugawa kipande cha ardhi au kubadilisha matumizi yake, tuseme kutoka makazi hadi biashara, sharti aombe idhini ya kaunti. Mwombaji hutakiwa pia kuutangazia umma jambo analokusudia ili mwenye pingamizi aliwasilishe. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na akishindwa hapo huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sheria hiyo hiyo inaipa kaunti jukumu la kutenga na kutunza viwanja vya wazi, bustani na misitu ya mjini. Hapa ndipo mti wa kivuli na uwanja wa mnada vinapopata mlango wa kuingia katika sheria, ijapokuwa mlango wenyewe ni mwembamba.

Kuna kipengele kimoja ambacho aghalabu hupita bila kutajwa. Kaunti ikikaa siku 60 pasipo kumjibu mwombaji kwa maandishi, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika sheria hii mshindo wa kimya ni tingatinga. Nia ya watunga sheria ilikuwa njema: kumwokoa raia na ofisi zinazokalia faili. Lakini mzigo wa kusema kwa wakati humwangukia jirani wa kiwanja, mzee wa mtaa, mchuuzi aliyezoea kukaa chini ya mgunga fulani. Hao hawawezi kusema wasipojua, na hawawezi kujua ikiwa tangazo limeandikwa kwa lugha wasiyoisoma.

Isitoshe, ardhi ya Isiolo ina historia ya peke yake. Sehemu kubwa ya kaunti ilikuwa ardhi ya amana iliyosimamiwa na baraza la kaunti la zamani, na tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ile ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii husika. Mjini, watu wengi wameishi miaka mingi wakiwa na barua ya mgao tu, bila hati miliki, na kisa cha ploti moja kugawiwa watu wawili si kigeni. Katika mazingira hayo, neno moja kwenye ramani laweza kumpa mtu makao au kumwondoa.

Tusisahau pia kwamba nchi hii ilipangwa kabla ya ofisi za mipango kuwepo. Waborana wa Waso wana mfumo wa dedha, ambapo wazee huamua malisho gani yatumike wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yaachwe kwa ajili ya ukame mkali. Huo ni mpango wa matumizi ya ardhi kwa maana kamili ya maneno hayo. Ulichokosa ni karatasi.

Jiwe na kisicho jiwe

Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya 2006 inakitambua kitu kinachohamishika kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Kwa majengo na mahali hakuna kikomo cha umri. Penye thamani ya kihistoria au kitamaduni panaweza kulindwa, mradi waziri apatangaze katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wanavyodhani, kwamba sheria inaujali mji wa kale wa pwani peke yake. Inaweza kuujali hata uwanja mtupu wa Isiolo. Ila kwanza lazima atokee mtu wa kuutaja, kuueleza na kuuandikia.

Lamu ni mfano mzuri wa kulinganisha, na ulinganisho huu haujalazimishwa. Wilaya za Isiolo na Lamu, pamoja na Marsabit, Tana River na mkoa wa Kaskazini Mashariki, ziliwekwa chini ya kanuni za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Kisha Machi 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, ukikusudia kuiunganisha bandari mpya na Sudan Kusini na Ethiopia kupitia Isiolo. Miji hii miwili ni ncha za barabara moja.

Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, ukaingia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001. Uhifadhi huo ulifaidika na msamiati uliokwishakuwepo. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, kiwanda, msana, ndani, zidaka. Chumba kinachovuka juu ya kichochoro huitwa wikio. Mkaguzi anayetaka kukataza ubomoaji ana jina la kila anachokitetea. Hata hivyo, huko huko jiwe limependelewa. Mtaa wa Mkomani wenye majumba ya mawe umetazamwa zaidi kuliko nyumba za udongo na makuti, na matuta ya mchanga ya Shela, ambayo ndiyo chanzo cha maji ya mji, yamehitaji watetezi kila mara wajenzi wanapoyamezea mate.

Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya wavuvi na wakazi wengine wa Lamu, kwamba mradi wa bandari ulikiuka haki zao, ikiwemo haki ya utamaduni na haki ya kupata habari. Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha ni jinsi haki hizo mbili zilivyoandamana. Utamaduni ulidhurika, na wenye utamaduni hawakuwa wamepashwa habari ipasavyo.

Majina ya mitaa

Turudi Isiolo. Mji huu haukuanza kwa misikiti ya mawe ya karne nyingi. Ulikua kutokana na utawala wa kikoloni: askari wa Kisomali waliopewa makazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, karantini ya mifugo, makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kambi za kijeshi. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu walikutana humo, na lugha iliyowakutanisha sokoni ni Kiswahili. Ndiyo maana mji unasomeka vizuri zaidi katika majina kuliko katika kuta.

Tazama Kiwanjani. Ni nomino kiwanja pamoja na kiambishi cha mahali -ni, na jina lenyewe linakuonyesha uwanja wa ndege uliopo jirani. Uwanja huo ulipopanuliwa, hadi ukafunguliwa upya mwaka 2017, baadhi ya wakazi wa eneo hilo walihamishwa. Jina limebaki likiwa ushahidi wa nani alikuwa wapi. Tazama Kulamawe: kitenzi na nomino vimeunganishwa kuwa jina la mahali, kwa kanuni ile ile ya uambatanishaji tunayofundishwa katika mofolojia, na dhiki ya waliolibuni inasikika humo bila kuhitaji mfasiri. Tazama Bulapesa, ambamo bula ni makazi kwa lugha za Kisomali na majirani zake, na pesa ni neno lililovuka Bahari ya Hindi na kufika kwetu pamoja na biashara. Katika silabi nne kuna wafugaji, wachuuzi na mabaharia.

Halafu kuna makambi: Kambi Garba, Kambi ya Juu, Kambi Sheikh, Kambi Odha. Neno kambi linaporudiwa namna hiyo katika mji mmoja, linaeleza kwamba hapa watu walipangwa, walipimwa na pengine walizuiwa kabla ya kujiita wenyeji. Kuhusu Kambi Odha, inafaa kukumbuka kwamba kwa Kiborana oda ni mkuyu, mti ambao chini yake mabaraza makubwa ya Waoromo yamekuwa yakifanyika tangu kale. Kama jina hilo lina uhusiano na mti ni jambo la kuulizwa kwa wazee wa pale. Lakini fikiria afisa wa mipango anayekagua ombi la kukata mkuyu mahali penye jina kama hilo. Akijua maana atauliza swali moja zaidi.

Hofu yangu ni kwamba ramani mpya hazipendi majina haya. Ploti hupewa nambari, mitaa hugawanywa kwa herufi na awamu, na wawekezaji huja na majina ya kupendeza masikio ya wageni. Nambari ina faida zake, hasa pale ploti moja inapodaiwa na wawili. Lakini mzee akienda kutoa ushahidi mbele ya kamati atasema "pale Kiwanjani, karibu na mti", na ikiwa ramani haina Kiwanjani wala mti, ushahidi wake hauna pa kukaa.

Mandhari na hifadhi

Maneno mawili yanahitaji kuangaliwa na wanaleksikografia wetu. La kwanza ni mandhari, ambalo ndilo hutumika kufasiria mambo ya upambaji na upandaji miti mijini. Asili yake ya Kiarabu inahusu kutazama. Mandhari ni kile kinachoonwa. Matokeo yake kanuni ikishatafsiriwa huonekana kana kwamba inahusu uzuri wa macho tu: maua kando ya barabara, vijiwe vilivyopakwa chokaa, ukoka wa kumwagiliwa katika mji wenye shida ya maji. Kwa mkazi wa Wabera, uwazi ule ni njia ya mifugo, ni mahali pa kuswalia Idi, ni kivuli cha mwarobaini. Maneno kama malisho, mapito na kivuli yanastahili kuingia katika Kiswahili cha mipango yakiwa istilahi kamili.

La pili ni hifadhi. Wanafunzi wa pwani wakilisikia hufikiri mji wa kale. Isiolo, aghalabu, hufikiriwa ardhi ya wanyamapori. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kijamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa bila kuwashirikisha wananchi inavyopasa. Basi afisa akisimama barazani na kusema "tunataka eneo hili liwe hifadhi", wasikilizaji wanaweza kusikia "mtahamishwa", hata kama yeye alikusudia kulinda nyumba kuukuu isibomolewe. Binafsi ningependekeza utunzaji wa kumbukumbu za mji, japo ni maneno matano badala ya moja. Afadhali urefu kuliko kutoelewana.

Tangazo lenyewe

Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2003 zilitaka tangazo lisomwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji. Katiba nayo, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kwa hiyo kuandika tangazo la mipango kwa Kiswahili si hisani ya afisa. Ugumu uliopo ni wa istilahi na wa mazoea, na ugumu wa namna hiyo ndio kazi yetu.

Tangazo linaweza kuwa fupi kama hili: "Wakazi wa mtaa huu mnajulishwa kwamba mwenye kiwanja hiki ameomba kukigeuza kutoka makazi kuwa biashara na kukata miti miwili iliyomo. Mwenye pingamizi aliandike na alipeleke ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya tarehe iliyotajwa hapa chini." Libandikwe kwenye kiwanja chenyewe, msikitini, kanisani na sokoni, na jina la mtaa litajwe jinsi wakazi wanavyolitamka. Matawi ya chama chetu yanaweza kuanza na majina hayo: kuyakusanya kwa wazee wa Wabera na wa wadi jirani, pamoja na sababu zake na mahali yanapoishia, kisha kuyakabidhi kwa ofisi ya kaunti kabla ya ramani ijayo kuchorwa.