Kashe Yako Iko Mikononi mwa Nani?

Acha nianze na habari niliyoiona kwa macho yangu. Fundi mmoja wa kuunga vyuma, mtu wa kazi nzuri, alikuwa na kashe ya mpira yenye jina la etablisema yake. Kila alipotoka kwenda kazini aliiacha juu ya meza, ili kijana wake asikose kitu cha kugonga kwenye faktire. Siku moja mwenye duka la vifaa vya kujenga akafika na karatasi mkononi: mifuko 40 ya simenti imechukuliwa kwa deni, na kashe iko chini yake. Fundi akaapa: "Mimi sikuchukua hata mfuko mmoja!" Mwenye duka akamjibu: "Papa, lakini kashe ni ya nani?" Waliniita niketi katikati yao. Nilitafuta neno la kumtetea fundi, nikakosa. Akalipa deni lote, kidogo kidogo.

Juu ya nini ninawaambia hii? Juu kashe imeingia ndani ya ordinatere na telefone. Wengi kwetu wanauzia kompanyi za madini kazi zao: kupika, kushona nguo za kazi, kutengeneza motere, kusafirisha watu. Barua na faktire zinatumwa kwa intaneti, na pale kashe ya mpira haina nguvu. Inayoshika nafasi yake inaitwa setifika ya kidijitali.

SETIFIKA NI KITU GANI?

Ni ushuhuda. Fikiri funguo mbili zinazofanya kazi pamoja. Mmoja ni wa siri, unabaki kwako tu. Wa pili ni wa wazi, kila mtu anaweza kuupata. Ukitia sahihi barua kwa ufunguo wa siri, anayeipokea anaipima kwa ule wa wazi. Kama mtu njiani amegeuza dola 100 kuwa 1000, kipimo kinakataa, na udanganyifu unaonekana. Wataalamu wa Marekani, Diffie na Hellman, walieleza wazo hili mwaka 1976.

Lakini nitajuaje ya kwamba ule ufunguo wa wazi ni wako kweli? Hapo ndipo setifika inapoingia. Nyumba inayoaminiwa inahakikisha kwanza wewe ni nani, kisha inashuhudia: "Ufunguo huu ni wa fulani, mpaka tarehe fulani."

AINA NNE

1. Setifika ya mtu mwenyewe. Inabeba jina lako wewe. Hii ndiyo inayomfaa anayejifanyia kazi: fundi, mshonaji, avoka, mwenye etablisema. Wengi wanashangaa hapa. Wanaona jina la etablisema limepakwa rangi juu ya mlango, wanafikiri ni mtu wa pili. Sivyo. Mbele ya sheria, etablisema na mwenyewe ni mtu mmoja; deni lake ni deni lako. Kule Uhispania, nyumba ya Leta inayotengeneza pesa za chuma ndiyo inayotoa setifika pia, na wanaojifanyia kazi wanatumia hii ya mtu mwenyewe. Inadumu miaka 4.

2. Setifika ya mwakilishi. Sosiete ni kitu kingine: mbele ya sheria inasimama peke yake, lakini haina mkono wa kushika kalamu. Sherti mtu asaini kwa ajili yake. Setifika hii inabeba majina mawili, la mtu na la sosiete, na inashuhudia ya kwamba huyu ana ruhusa. Kule Uhispania inadumu miaka 2 tu. Meneja akiondoka kazini, sherti ifutwe upesi. Ukingoja, aliyeondoka jana ataweza kufunga mkataba kesho.

3. Kashe ya kompanyi. Hii haina mkono wa mtu. Inasema tu: "Karatasi hii imetoka kwetu, na haikuguswa njiani." Inafaa kompanyi inayotoa faktire mingi kwa siku. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 imetenga wazi mambo haya mawili: sahihi ni ya mtu, kashe ni ya kompanyi.

4. Setifika ya ukurasa wa intaneti. Kama biashara yako ina ukurasa wake, hii inafunga njia ili mwingine asisome yanayopita kati yako na wateja. Tangu mwaka 2015 nyumba moja, Let's Encrypt, inaitoa bila malipo. Lakini vijana, angalieni! Kufuli ndogo unayoona juu ya ukurasa inasema njia imefungwa. Haisemi mwenye ukurasa ni mtu mwema. Mwizi naye anaweza kuweka kufuli kwenye mlango wake.

NA KWETU KONGO?

Kode ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 imeingiza maandishi na sahihi za elektroniki ndani ya sheria yetu, pamoja na kazi ya wale wanaotoa setifika. Kwa hiyo usikimbilie kununua. Uliza kwanza kompanyi au biro unayoipelekea karatasi: munakubali setifika ya aina gani, na ya nyumba gani? Chagua kisha. Mwenye etablisema anayenunua ya mwakilishi wa sosiete ametupa feza bure.

Hata nyumba za setifika zinaweza kuanguka. Mwaka 2011 wezi waliingia katika ordinatere za DigiNotar, kule Uholanzi, wakatengeneza setifika za uongo. Watu wakaacha kuiamini, na mwezi wa tisa mwaka ule ikafilisika. Iliuza uaminifu tu. Uaminifu ulipokwisha, haikubaki na kitu cha kuuza.

TUNZA UFUNGUO

Ufunguo wa siri unaweza kukaa katika ordinatere, katika kadi, au katika kle ndogo ya kuchomeka. Popote unapokaa, mambo ni matatu. Usimpe mtu neno la siri, hata mtoto wa ndugu yako, hata yule wa sibakafe anayekusaidia vizuri. Usiuache ndani ya ordinatere ya watu wote. Na ukipotea, ita nyumba iliyotoa setifika siku ileile, waifute. Mpaka wafute, kila sahihi itaonekana kuwa yako.

Msaidizi wako anaweza kuandika faktire yote, kuhesabu, kupanga. Kutia sahihi ni kazi yako.

Usiku huu, kabla ya kulala, jiulize: kashe yangu iko wapi, na nani mwingine anajua neno langu la siri? Yule fundi alijiuliza siku aliyoonyeshwa mifuko 40.