Watu Walioitwa kwa Namba

Wajukuu zangu, shikeni kamba hii. Vuteni kwa nguvu zenu zote. Haikatiki, siyo? Ni ya mkonge. Kamba mnaijua, waliokata majani yake hamwajui, na leo nataka muwajue.

Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo, mashamba yakatapakaa Tanga, Muheza, Korogwe, hadi Kilosa. Wenyeji, Wabondei na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao hapo hapo, na mwenye muhogo wake haendi kirahisi kukata mkonge. Basi watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Huko mkoloni alidai kodi kwa fedha. Kijana angezitoa wapi?

Mwaka 1944 wenye mashamba wakafungua ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Kijana wa Kigoma alitia dole gumba kwenye mkataba, akapandishwa treni, kisha lori, nyumbani kukabaki mbali kabisa. Akapewa namba. Hiyo ndiyo ikawa jina lake, na wote waliokuja kwa njia hiyo wakaitwa manamba.

Alfajiri yumo shambani na kisu. Jani la mkonge lina mwiba nchani, mkali kama sindano, nao unaweza kutoboa jicho. Maji yake yakigusa ngozi huwasha. Alikata mwiba, akakata jani, akahesabu 30, akafunga mzigo. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka zitimie hesabu za mnyapara. Majani yakaenda korona, mashine ya kuyakwangua, zikabaki singa, yaani nyuzi za kusokotea kamba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Alikuwa na kadi iliyoitwa kipande, ya siku 30. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku inaandikwa. Akishikwa na homa, au akibakisha mizigo michache, haiandikwi. Mshahara ulitolewa kipande kikijaa, hivyo mwezi wa kalenda uliisha, wa kwake bado. Na akiacha kazi kabla ya mkataba kwisha, sheria ilimhesabu mkosaji wa kushtakiwa. Mwiba na jua ni taabu, lakini hili la kumshtaki mtu kwa kuchoka lilikuwa dhuluma, nami silionei haya kulitamka.

Hawakunyamaza siku zote. Waliunda chama cha wafanyakazi, na mwaka 1958 vibarua wa shamba la Mazinde waligoma.

Wengi hawakurudi kwao. Watoto wa watoto wao wako Muheza, wako Korogwe, pengine mnakaa nao dawati moja. Kama kwenu yupo mzee aliyekaa kambi ya mkonge, au aliyelelewa na mtu wa kambi, kamuulizeni walitoka kijiji gani, na manamba wa ukoo wenu mama yake alimwita nani. Kisha liandikeni jina hilo.