Kwa nini mashua husubiriana kabla ya kuvukia Bahamas

WENGI hudhani kwamba kusafiri kwa mashua ndogo ni kutweka tanga na kwenda utakako. Wanaotoka jimbo la Florida, Marekani, kwenda visiwa vya Bahamas hulazimika kwanza kungoja, pengine wiki nzima, na aghalabu hungoja pamoja.

Kutoka Miami hadi kisiwa cha Bimini ni takriban kilomita 80 tu. Tatizo ni Mkondo wa Ghuba, maji ya uvuguvugu yaendayo kaskazini mithili ya mto katikati ya bahari, kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 5 kwa saa. Mashua ya tanga yenyewe huenda kama kilomita 10. Basi nahodha akilenga Bimini moja kwa moja, atasukumwa mbali. Hana budi kuelekeza omo kusini zaidi.

Katika majira ya baridi, upepo wa kaskazini huvuma mara kwa mara. Ukikabiliana na mkondo huo, mawimbi huinuka wima na kufuatana kwa karibu. Wavuvi wetu wa maji yaliyo baina ya Pemba na bara wanaijua hali hiyo wakati wa kaskazi.

Upepo ukigeuka, mashua tatu au nne hung'oa nanga pamoja, mara nyingi usiku, ili zifike jua likiwa juu. Ng'ambo ya pili kina hupungua ghafla, kutoka mamia ya mita hadi mita chache, na nahodha husoma rangi: buluu iliyokolea ni kina, kijani hafifu ni mchanga, kahawia ni miamba au nyasi. Jua likimpiga usoni, haoni kitu.

Mwendo huamuliwa na chombo kiendacho polepole kuliko vyote. Chenye mkuku mfupi huweza kutangulia na kuwaarifu wenzake kina kwa redio. Huitana kwa chaneli 16, kisha huhamia nyingine ili kuiacha wazi kwa wenye dharura. Hata hivyo, kundi lina hatari yake: kuna anayeng'oa nanga kwa kuwaonea haya wenzake, ilhali injini yake haiaminiki. Mkondo hauhesabu marafiki.

Wakifika, kila mashua hupandisha bendera ya manjano mpaka nahodha amalizane na maafisa wa forodha na uhamiaji. Hapo ndipo huishusha na kupandisha ya Bahamas.