Kupiga kafi kutoka Kigoma: ujuzi tunao, leseni je?

Ukishuka garimoshi la Reli ya Kati pale Kigoma na kutoka nje ya stesheni, macho yako yanakutana na maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na pale penye kina kikubwa kabisa ni mita 1,470 kwenda chini. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolishinda kwa kina. Wiki hii nataka tuzungumzie namna moja ya kulitembelea ziwa hili, ambayo wenzetu wa Norway, Alaska na New Zealand wameigeuza kuwa biashara ya kuheshimika. Nazo ni safari za kayaki zenye kiongozi.

Kayaki ni nini? Ni chombo kirefu chembamba kilichofunikwa juu, kikaachwa tundu la kuingiza miguu na kiuno. Walioanza kukiunda ni wakazi wa nchi za barafu za kaskazini ya dunia, waliotumia fito za mti na ngozi za wanyama wa baharini. Siku hizi ni plastiki. Mpigaji hukaa chini kabisa, miguu mbele, akishika kafi moja lenye bapa mbili, kushoto na kulia. Mvuvi wa Katonga akikiona atacheka kwanza, kisha atakichunguza. Kwa nini? Kwa sababu mtumbwi wake wimbi likiingia ni kazi ya kukumba maji, na kayaki wimbi hupita juu ya kifuniko. Mbele na nyuma kuna vyumba visivyopitisha maji. Humo hutiwa hema na chakula, na hewa iliyomo hukifanya chombo kielee hata kikipinduka. Tatizo ni kwamba kikipinduka wewe umo ndani, kichwa chini. Ndiyo maana kiongozi mwenye akili humfundisha mgeni kutoka kabla hajamfundisha kwenda.

Kwetu michezo hii haijaenea. Baadhi ya kambi za watalii kule Mahale zina kayaki, na upande wa Rukwa, kwenye visiwa vya Kipili kama Lupita na Ulwile, wageni hupiga kafi kutoka kisiwa hadi kisiwa. Lakini Kigoma mjini penyewe, mahali ambapo msafiri anafika kwa treni na ndege, ni kidogo mno.

Wala si jambo geni. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi kuelekea kaskazini, wakifuata ufuko mchana na kulala nchi kavu usiku. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Walikuta unaingia. Safari nzima ilichukua siku 28, na watu walioijua njia, wapi pana mwamba na wapi pana pa kutua, walikuwa Wajiji. Vitabu vimewasifu wazungu wawili. Waongozaji walilipwa wakarudi nyumbani.

Tuangalie njia yenyewe. Kutoka ufuko wa Kibirizi hadi mpaka wa Hifadhi ya Gombe ni kama kilomita 16. Mgeni asiye mzoefu huenda mwendo wa kilomita tano kwa saa hivi, kwa hiyo ni nusu siku pamoja na mapumziko. Mahale ni habari nyingine. Iko zaidi ya kilomita 120 kusini, na katikati yake kuna delta ya mto Malagarasi pale Ilagala, ambako mamba na viboko si hadithi ya kutishia watoto. Hiyo ni safari ya wiki nzima.

Sasa upepo, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kati ya Mei na Septemba, ambayo ndiyo miezi ya watalii, upepo mkali wa kusini-mashariki hulivuruga ziwa kila mara. Anayekwenda Mahale kutoka Kigoma anaukabili usoni. Basi ni busara zaidi kubebwa kwa boti hadi Mahale na kurudi kwa kafi, upepo mgongoni. Usiku nao, ardhi inapopoa, hewa hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Aliyechoka na kuacha kupiga kafi hasukumwi kuelekea nchi kavu, anasukumwa kuelekea Kongo. Na wakati wa masika dhoruba huja na radi bila kubisha hodi.

Niliwahi kuvuka kwenda Gombe kwa boti ya mbao, abiria tumejaa pamoja na magunia na kuku. Injini ikazimika katikati ya njia, na upepo ukaanza. Hapakuwa na jaketi la kuokolea maisha hata moja. Nahodha, mzee mwenye mvi, hakupandisha sauti. Alitazama mawimbi, akawapa vijana wawili makafi, akawaonyesha mdomo wa kijito ambao mimi sikuuona. Robo saa baadaye tulikuwa mchangani. Tangu siku ile siwezi kukubali kwamba Kigoma haina waongozaji.

Kinachokosekana ni karatasi na vifaa. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka muongoza watalii awe na leseni, na kazi hiyo imetengewa Watanzania. Vizuri. Lakini leseni inadai mafunzo, na mafunzo yanadai nauli, ada na lugha ya kigeni. Mvuvi wa dagaa hana hivyo. Nadhani hapa ndipo serikali za mitaa zimelala.

Fikiria jambo hili. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi katika ziwa hili ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Mimi naliunga mkono hilo, kwa sababu migebuka haiotwi shambani. Lakini tazama kalenda: miezi ileile wavuvi walipokuwa wameanika vipe na kukaa chini ya miembe, ndiyo miezi wageni wanapopita mjini na kwenda moja kwa moja Gombe na Mahale. Vijana wa Kibirizi, Katonga na Mwamgongo wanaojua kila jiwe la ufuko huo wanawatazama wakipita.

Kuna tahadhari moja siwezi kuiruka. Wageni hawa wanafuata sokwe. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapata sokwe wa hapo. Mahale nako, mwaka 2006, homa ya kifua iliwaua kadhaa. Mafua ya binadamu ni kifo kwao. Hifadhini kuna taratibu: mgonjwa haingii, barakoa huvaliwa, na mtu hukaa mbali. Lakini anayepita kwa kayaki anaweza kutua kwenye ufuko ambao hauna askari, akala, akatema, akajisaidia. Kwa hiyo kambi za kulala ziwe vijijini, nje ya mipaka, ambako mwenye ufuko atalipwa na choo kitakuwepo. Tena fukwe zenyewe zimepungua tangu maji yalipopanda mwaka 2021 na tena 2024, kwa hiyo lazima pakaguliwe upya kabla ya kumlaza mtu hapo.

Yule nahodha mwenye mvi nilimuuliza kama amewahi kuongoza watalii. Alinieleza kuwa amewabeba wengi, miaka mingi, kama mizigo. Katika safari zile zote aliyeitwa kiongozi alikuwa kijana kutoka mjini, aliyekaa mbele na daftari, na ambaye hakujua kuogelea.