Kabla Mvua Haijashika: Hesabu za Baiskeli, Bati na Gata Kasulu na Kibondo

Mwezi wa tisa unapoishia, miombo ya Kasulu na Kibondo huchipua majani mekundu hata kabla tone la kwanza halijadondoka. Kwa mwenye nyumba, huo ndio wakati wa kutoa pesa. Huku Buha hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Mvua yetu ni moja: huanza Oktoba au Novemba, ikaenda hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Ambacho hakikutengenezwa mapema kitatengenezwa kwenye matope, wakati fundi ana foleni ya wateja na bei imepanda. Kwa hiyo ninacholinganisha hapa ni gharama ya kukitumia kitu, wala si bei tu anayotaja muuza duka.

Tuanze na chakula cha mchana. Mwalimu au karani anayekaa kilomita nne kutoka kazini ana njia tatu: ale kwa mama ntilie, apande bodaboda akale nyumbani, au aende kwa baiskeli. Tuseme sahani ya wali maharage ni shilingi 2,000, na boda ni 1,000 kwa safari moja. Mwenye bei tofauti aweke ya kwake. Kwa siku 22 za kazi, mama ntilie anachukua 44,000. Boda ya kwenda na kurudi nayo ni 44,000, na ugali wa nyumbani bado hatujauhesabu. Wapo wengi wanaopanda boda kila mchana wakiamini wanabana matumizi, kumbe wanawazidi waliobaki kibandani. Isitoshe, nauli ya boda inategemea petroli. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, mji kwa mji, na sisi tulio mbali na bandari tunalipia na safari ya lori.

Sasa baiskeli. Chakula kilichopikwa pamoja na cha familia tukikihesabu shilingi 800 kwa sahani, mwezi mzima ni 17,600. Ukilinganisha na mama ntilie, unabaki na 26,400. Toa 5,000 za viraka, gresi na mipira ya breki, zinabaki 21,400. Bei uliyokubaliana na muuza baiskeli igawe kwa 21,400, utapata idadi ya miezi ya kurudisha pesa yako. Ikizidi miezi kumi na miwili, endelea kuzunguka sokoni.

Ipi ya kununua? Ile nyeusi nzito, Phoenix na wenzake, yenye rimu za 28 na breki za vyuma, inabeba gunia la muhogo au mikungu ya ndizi bila kulalamika, na hakuna kijiwe cha fundi kisicho na spoku zake. Lakini rimu zake ni za chuma, na chuma kikilowa, mpira wa breki hauumi. Mteremko ambao wakati wa kiangazi unaushuka kwa raha, Desemba unaweza kukupeleka mtaroni. Mtumba wenye gia na rimu za aluminiamu unashika breki vizuri zaidi kwenye maji, na vilima unavipanda bila kushuka kusukuma. Shida yake ni vipuri: waya wa gia ukikatika unaweza kusubiri wiki, na udongo wetu mwekundu unapenda kujaa kwenye cheni. Kwa mtu anayebeba mzigo, nasema bila kusita achukue nyeusi. Anayekwenda kula tu na kurudi, mimi ningempa ya gia, mradi ina madigadi yote mawili na amekagua meno ya gia kabla hajalipa. Meno yaliyochongoka yatakula cheni mpya, na baiskeli uliyodhani umeiokota itakutoa pesa mara mbili.

Chakula hicho cha nyumbani nacho kina gharama yake. Mkaa hupanda wakati wa mvua kwa sababu barabara za ndani hazipitiki na magunia yanalowa. Tangu gridi ya taifa ilipofika mkoani kwetu Kigoma mwaka 2022, jiko la umeme la presha limekuwa jambo la kufikiria hata Kibondo. Maharage yaliyolowekwa usiku hayahitaji zaidi ya nusu uniti hivi. Mwenye LUKU ya matumizi madogo, yaani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Sufuria ya maharage kwa chini ya shilingi 100! Akivuka 75, kila uniti ya ziada inapaa hadi 350, kwa hiyo jiko hili na pasi ya nguo visishindane mwishoni mwa mwezi.

Paa ndipo pesa kubwa inapopotea. Nyasi zinaonekana za bure, nazo hupooza nyumba kuliko bati lolote. Ila lazima zikatwe kabla moto wa kiangazi haujapita porini. Anayekumbuka Oktoba atanunua za mwenzake. Na kila baada ya miaka michache utapanda tena kuziba.

Upande wa bati, namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 kuliko 28. Geji 32 ni ya banda la kuku na jiko la nje. Juu ya nyumba ya kulala, fundi akilikanyaga vibaya linabonyea, maji yanasimama pale na kutu inaanza. Mwenye pesa ya bati zote za geji 32 ni afadhali aezeke vyumba viwili kwa geji 28 mwaka huu na kingine mwakani. Tafuta alama ya TBS, dai risiti, na simamia misumari ikipigwa: yenye mpira, juu ya mgongo wa wimbi. Msumari uliopigwa bondeni ni tundu la maji. Papi na kenchi zisizopakwa dawa ya mchwa usizikubali hata zikiuzwa nusu bei.

Nyumba yenye bati bila gata inamwaga pesa. Paa la mita 40 za mraba likinyeshewa milimita 10 linatoa lita 400. Toa moja ya tano inayorukia nje, zinabaki 320, sawa na madumu 16. Ukiwa unanunua dumu kwa 200, hiyo ni 3,200 kwa mvua moja ya kawaida. Tanki la lita 1,000 linajazwa na kama milimita 31. Asiyeweza tanki aanze na gata la upande mmoja na pipa lenye mfuniko, kisha apanue msimu ujao. Mvua ya kwanza kabisa iache ipite: inaosha vumbi la miezi mitano, kinyesi cha ndege na majani. Kuanzia ya pili, kinga.